Bageni ba Koko

Msimu huu wa mvua nilimpeleka binti yangu kujifungua. Si katika ile hospitali kubwa ya katikati ya Baraka. Ni katika hii yetu ndogo iliyo upande wa ziwa, yenye mabati ya bluu na ukuta mweupe unaorukiwa matope kila mvua inaponyesha. Walipomwingiza ndani, mimi nikabaki kwenye barza pamoja na akina mama wengine, kila mmoja na sufuria yake, kikwembe chake cha kujifunga na wasiwasi wake. Muuguzi mmoja, msichana mwenye sauti ya upole, alitoka kupumzisha miguu na kukaa nasi kidogo. Tukaongea hili na lile. Mama mmoja akamwuliza nyumba hii ilijengwa lini, maana mawe ya msingi yalionekana ya kizamani.

"Bazungu ndio balijenga, wakati ya vita," alijibu. "Mbele bazungu bafike, hapa hakukuwa kitu. Ilikuwa pori tu."

Nilinyamaza. Alikuwa mtoto mzuri, sikutaka kumtia aibu mbele ya watu. Lakini wewe, rafiki yangu, nitakuambia. Hapa hapakuwa pori. Mahali alipolala binti yangu akisubiri uchungu upande, palikuwa chumba cha wanawake, na wanawake hao walikuwa wendawazimu. Mimi nilikulia humu, katikati yao, na sina utoto mwingine wa kukumbuka.

Babu yangu, tuliyemwita Tate, alikuwa mwenye maboti. Maboti yake yalipeleka muhogo na mawese Kalemie, yakarudi na chumvi na sabuni. Yeye na Koko, bibi yangu, walizaa watoto wengi, ila mzaliwa wa kwanza ndiye aliyependwa kupita wote. Huyo ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Alikuwa na akili nyepesi, wakampeleka kusoma Bukavu. Hayo mimi nilisimuliwa tu. Alirudi kabla ya mwaka wa shule kuisha, hana viatu, anaongea na watu wasioonekana, usingizi umemkimbia. Walimpeleka kwa waganga wa mlimani. Wakampeleka kwa wachungaji, wakamwekea mikono kichwani mpaka shingo ikamuuma. Wakampeleka kwa shehe mmoja wa hapa pwani ya ziwa, aliyeandika aya kwenye sahani na kuziosha kwa maji ya kunywa. Mjomba akabaki vilevile.

Tate akaona haya. Alikuwa mtu wa heshima bandarini, na sasa akipita watu walishusha sauti. Akajenga nyuma ya nyumba yake, upande wa ziwa, nyumba ndefu ya mawe yenye vyumba kadhaa na uzio wa miti kuizunguka. Aliijenga ili kumficha mtoto wake. Koko mwenyewe aliniambia hivyo, bila kumpamba mume wake.

Lakini jambo kama hilo halifichiki Baraka. Neno likaenda milimani, likavuka maji. Kwanza aliletwa mwanamke wa Lubondja, aliyezaa kisha akakataa kumtazama mtoto, mume akamfukuza. Kisha akaja mvuvi wa Ubwari, ameshushwa kwenye boti kama mzigo wa samaki. Wakafuata wengine. Baadhi ya jamaa walirudi Jumapili na kitoweo, wengine waligeuza mgongo siku ile ile na hatukuwaona tena. Tate alilalamika.

"Miye nilijenga nyumba ya mutoto wangu moja. We unanifanyia soko!"

"Mutoto wako anacheka sasa," Koko alimjibu. "Hauone? Amepata benzake."

Watu wa mji walipaita "kwa bawazimu". Sisi wa nyumbani tulikatazwa neno hilo. Koko aliwaita bageni, yaani wageni wake, na alikuwa na msemo wake: "Mugeni unamupikia vizuri, juu haujue siku gani atarudia kwabo." Na kweli wengine walirudi kwao. Walikaa msimu mmoja, miwili, wakatulia, wakaaga. Dawa sijui ilikuwa nini. Pengine ilikuwa kulala bila kupigwa, kula wakati unaojulikana, na kuwa na kitu cha kufanya kwa mikono.

Maana kazi ilikuwepo. Asubuhi niliamshwa na mitwangio. Wanawake watatu kwenye kinu kimoja, wakipokezana, na asiye na wimbo akipewa wimbo na mwenzake. Harufu ya muhogo uliolowekwa, ile harufu chachu inayoingia mpaka kwenye nguo, mpaka leo nikiisikia naona miguu ya Koko ikipita. Mchana mawese yalichemka, sombe, yale majani ya muhogo, ikaiva polepole, na kama wavuvi walikuwa na bahati tulichoma mikebuka, samaki wa ziwani, mafuta yakidondoka kwenye makaa. Walikula pamoja kwenye beseni kubwa. Kazi yangu mimi ilikuwa vichwa. Mama yangu aliniacha kwa Koko nilipoacha kunyonya, akaenda kuolewa Kalemie, basi Koko alinilea kwa kunipa kazi. Niliwasuka wanawake, nikawatafuta chawa, nikawapeleka kuoga ziwani wakati wa jua. Yule wa Lubondja alikuwa na nywele nyingi na laini. Alikuwa akilala nikiwa ninamsuka, kichwa kikining'inia kwenye mapaja yangu, na hakuwa akilala wakati mwingine wowote.

Palikuwa pia na mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi milimani, na koti lake alilitunza kuliko mwili wake. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kijiti, kwenye mchanga mbichi wa ufuoni. Nikikosea hakunichapa. Alisubiri wimbi lifute, akasema, "Sawa, ziwa limesahihisha, andika tena." Siku zake mbaya alisimama mbele ya maji akiyaamuru mawimbi yanyamaze kama darasa lenye fujo. "Silansi!" alipiga kelele. "Silansi!" Watu nyuma ya uzio walicheka. Sisi tulingoja achoke, kisha mjomba akaenda kumshika mkono na kumrudisha kula.

Mjomba! Nikueleze vipi? Siku zake njema alishona nyavu za wavuvi, akaniweka mabegani na kuingia nami majini mpaka kifuani, akiimba tenzi za kanisani kwa maneno yake mwenyewe. Lakini sitaki kukudanganya kwamba palikuwa peponi. Kulikuwa na gogo.

Huenda hujawahi kuliona. Ni kipande cha mti mgumu, kimetobolewa tundu, mguu wa mtu unapitishwa humo, kisha kinapigiliwa chuma ili asiweze kuutoa. Walifanya hivyo kila mahali, na Tate naye alilileta. Mjomba alipochafukwa, waliitwa wanaume wa bandarini wamshike. Mimi nilijibanza jikoni na kuziba masikio. Koko aligeukia ukutani. Kisha tulikaa siku nyingi tukisikia gogo likiburutwa uani, maana alikuwa na nguvu za kutembea nalo.

Kiangazi kimoja kirefu mguu ule ulioza. Tulianza kwa kusikia harufu, tukadhani ni samaki aliyesahauliwa. Koko alipofunua kidonda alikaa chini. Kesho yake alifunga kikwembe, akaenda kwa miguu njia ya Fizi kumtafuta muuguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye zahanati iliyofungwa. Alirudi naye, mtu mfupi, mweusi ti, mwenye sanduku la bati. Aliutazama mguu muda mrefu.

"Mama," alisema, "muguu nitautibu. Lakini kama hii gogo inabaki hapa, nafanya kazi ya bure."

Tate alikuwa safarini Kalemie. Koko aliagiza shoka. Sikuwahi kumwona akipasua kuni, ilikuwa kazi ya wanaume, lakini siku hiyo alipasua yeye, na kila aliyetaka kumsaidia alimfukuza kwa mkono. Bageni wote walitoka vyumbani kutazama. Hakuna aliyepiga kelele, hata mwalimu. Alipomaliza, mwalimu akaviokota vipande kimoja kimoja, akavipeleka jikoni na kuvipanga pembeni ya mafiga. Jioni tukapika maharagi.

Tate aliporudi, akauliza gogo liko wapi. Koko akamwekea sahani mbele.

"Kula kwanza," alimwambia. "Ndiyo ilipika."

Tate alikula. Sikumsikia akiliulizia tena.

Hospitali ilianzia hapo, rafiki yangu, kwenye kidonda cha mguu wa mjomba. Yule muuguzi alikuja kila asubuhi kukiosha, na majirani wakamwona akiingia. Mama mmoja akaleta mtoto mwenye homa. Mvuvi akaja na ndoana iliyozama kiganjani. Koko akamtengea chumba cha karibu na lango, na muuguzi akahamia na sanduku lake. Siku moja mwanamke aliyekuwa akipita kwenda sokoni akazalia palepale kwenye barza, na yule wa Lubondja, aliyekataa kumtazama mtoto wake, ndiye aliyemshika mkono. Ikawa hivyo. Wagonjwa wa mwili na wagonjwa wa kichwa katika ua mmoja. Bageni waliteka maji ya wagonjwa, wakafua mashuka. Mjomba, mguu umepona lakini anachechemea, alikuwa akienda bandarini na kuwabeba mgongoni wasioweza kutembea. Walioogopa kubebwa na mwendawazimu waliacha kuogopa walipochoka kutambaa.

Kisha Tate akafa. Na baada yake vita vikaja.

Sitasimulia vita, kila mtu wa Fizi ana vyake. Nitasimulia asubuhi moja tu. Milio ilishuka kutoka milimani, na watu wakaanza kukimbilia ziwani, wamebeba magodoro, mbuzi, watoto. Maboti ya Tate sasa yalikuwa mikononi mwa mdogo wake mjomba. Alikuja mbio, ananivuta mimi kwa mkono mmoja na Koko kwa mwingine.

"Mama, panda! Tunaenda Kigoma!"

"Na bageni?"

"Boti imejaa. Na bantu banakatala. Banasema muwazimu ataangusha boti katikati ya maji."

Koko akautoa mkono wake, polepole, kama mtu anayetoa uzi kwenye mwiba. "Basi na miye niko muwazimu. Peleka mutoto."

Nililia, nikamshika kikwembe, wakanibandua. Muuguzi naye alikataa kupanda. Mjomba ndiye aliyesaidia kulisukuma boti. Alisimama majini mpaka kiunoni akicheka na kutupungia, kana kwamba tunaenda kuvua na tutarudi na kitoweo. Koko hakupunga. Aligeuka mapema kurudi juu, maana alikuwa amewaacha bageni peke yao.

Miaka niliyokaa ng'ambo, katika kambi, nilikua, nikaolewa, nikamzaa binti yangu huyu. Habari zilikuja kwa vipande, na nyingi zilikuwa uongo. Niliporudi Baraka nimembeba mtoto, sikuitambua nyumba. Uzio wa miti ulikuwa umeondolewa, kuna ukuta, kuna mahema meupe, kuna magari. Koko nilimkuta kwenye jiko la zamani, nje ya ukuta, amekuwa mdogo kama mtoto. Alinishika uso, akanusa shavu langu, akauliza kama nimekula.

Yule muuguzi, ambaye sasa alikuwa mzee, ndiye aliyenieleza. Askari wa kila upande waliingia kwa zamu, lakini hawakukaa. Watu wasioogopa risasi waliogopa wendawazimu. Kwa sababu hiyo nyumba haikuchomwa wala kuporwa, na kwa sababu haikuporwa, majeruhi waliletwa humo kutoka vijiji vyote. Bageni waliwahudumia. Baadaye, milio ilipopungua, wazungu wakaja na dawa, wakaomba mahali. Koko aliwapa nyumba yote kwa sharti moja, kwamba bageni wabaki. Wakakubali, wakapeana mikono. Na kweli walibaki, kwa muda ule wazungu walipokuwepo. Lakini wazungu hawakai. Walikabidhi kazi kwa wengine, na wale wengine hawakuwa wamempa Koko mkono.

Bageni walihamishiwa kwenye banda nyuma ya choo. Kisha nikashuhudia mwenyewe siku daktari mpya alipokuja jikoni kwa Koko. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa amewaokoa wengi kwa mikono yake, na siku ile aliongea ameinamisha kichwa.

"Mama, bagonjwa banaogopa. Bamama benye kuzaa banaogopa. Hapa iko opitali sasa."

"Na bale, dokta? Bale beko bazima?"

"Hatuna dawa yabo, mama. Hatuna munganga wa kichwa. Barudie kwabo."

"Kwabo ni wapi?"

Alitazama nje. Mvua ilikuwa inaanza. Akasema ana mgonjwa anamsubiri, akaondoka.

Wakaenda mmoja mmoja. Yule wa Lubondja alikuja kuchukuliwa na kaka yake, mtu aliyeingia na kutoka bila salamu. Nilimsuka kwa mara ya mwisho asubuhi hiyo, nywele zimekuwa nyeupe, naye akalala kwenye mapaja yangu kama zamani. Wengine walitawanyika sokoni na chini ya mabaraza ya maduka. Mwalimu alivaa koti lake, akashika njia. Tulimwulizia Fizi, tukamwulizia mpaka Lusenda. Hakuna aliyemwona.

Mjomba alibaki na Koko jikoni, na Koko alipofariki, alibaki nami. Kila asubuhi alikwenda langoni. Alitaka kazi yake ya kubeba wagonjwa. Mlinzi alimwambia, "Muzee, rudia nyumbani," naye mjomba akamjibu kwa adabu kwamba ndiyo anarudia nyumbani, na akajaribu kupita. Alirudi kwangu mchana, akakaa kwenye jiwe mpaka jua likazama.

Mwaka jana alishikwa na homa kali ya malaria. Nikampeleka, na safari hii walimpokea vizuri kabisa. Ulikuwa ugonjwa wanaoujua. Walimpa godoro, chandarua, maji ya mshipani. Walimlaza upande wa wanaume, katika chumba baba yake alichojenga ili kumficha. Alipapasa ukuta mpaka akapata mahali rangi ilipobanduka, akaweka kiganja kwenye jiwe.

"Hapa ni kwangu," alimwambia muuguzi.

"Ni homa inamusemesha," muuguzi akaniambia kwa kunituliza.

Alifia humo, asubuhi, kiganja kiko palepale.

Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza kwenye barza. Binti yangu alijifungua salama, mtoto wa kike, sauti yake ikafika mpaka nje, na wale akina mama wakanipigia vigelegele. Niliwashukuru wauguzi kwa machozi ya kweli. Bila hospitali hii pengine leo ningekuwa nazika. Nilikuwa natoka kwenda kuleta maji ya moto nilipomkuta langoni mwanamke mmoja na kijana mrefu. Nguo zao zilikuwa zimelowa maji ya ziwa. Mikono ya kijana ilikuwa imefungwa kwa kamba ya nyavu, si kwa nguvu, naye alikuwa anaitazama tu.

"Samahani, mama," yule mwanamke akaniuliza. "Ni hapa kwa Koko? Kwa bageni?"

Nilimsogelea. "Nani alikuambia?"

"Mama yangu. Tunatoka Ubwari. Yeye alikuwaka hapa, akingali musichana. Alirudia muzima, akaolewa, akanizaa miye. Mbele ya kufa alisema, kama kichwa kinasumbua muntu wa kwetu, tumulete hapa."

"Ni hapa," nilimwambia. "Lakini haiko tena."

"Bageni balihamia wapi?"

"Habakuhamia, mama. Balimalizika."

Hakulia. Alikaa chini, akamvuta kijana akae naye. Niliwatolea bugali na ndakala, dagaa wa ziwa letu, nilivyokuwa nimemletea binti yangu. Kijana alikula vizuri, akashukuru, akaniuliza jina la mtoto anayelia ndani. Nikamwambia hajapewa bado. Mama yake alikuwa ananitazama, na nilijua anangoja nini. Koko angewaingiza kwake kabla hawajamaliza kueleza. Mimi niliwaza vyumba vyangu viwili, mzazi, kitoto kichanga, mume wangu atasema nini, nikainama kukusanya vyombo bila kuwakaribisha.

Yule mwanamke akasimama, akakung'uta kikwembe, akasema waende, boti la Ubwari lisije likawaacha.

Ukuta upo, rafiki yangu, na ni mweupe kuliko zamani. Mabati hayavuji. Watoto wanazaliwa humu kila siku na majeraha yanapona. Ila nyumba hii ilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo, Koko, hakurithiwa na yeyote, hata na mimi aliyenilea. Nilisimama palepale langoni, maji ya moto nimeyasahau, nikawatazama wakishuka kwenda ziwani, mama mbele na kijana nyuma, mpaka nikasikia injini ikiwaka.